350 ya nani? Kuitambua na kuitengeneza V8 ya gari kubwa la Kimarekani

Ukiniambia gari lako lina V8 (injini ya silinda nane) ya 350, bado hujaniambia kitu. Nitakuuliza: 350 ya nani? Kampuni moja ya General Motors ilikuwa na 350 nne kwa wakati mmoja: ya Chevrolet, ya Oldsmobile, ya Buick na ya Pontiac. Ni watoto wa baba mmoja, mama tofauti. Ujazo ni ule ule, inchi za ujazo 350, lita 5.7, lakini gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya mmoja haikai kwa mwenzake, distributa (kigawa-moto cha plagi) haziingiliani, na wota pampu usijaribu kuilazimisha.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Kazi nilijifunzia kwenye Land Rover na malori ya Bedford, na sasa nashika spana Columbus, Ohio. Huku magari haya mapana bado yapo uani kwa watu: Impala, Caprice, Delta 88, LeSabre, Bonneville, LTD, Town Car, New Yorker. Vijana wetu wanayapenda kwa sababu mengi bei yake si kubwa na chini ya boneti mtu anaweza kuingiza mikono yote miwili. Hata ndugu zetu wa Maskati wanaikumbuka Caprice, maana nchi za Ghuba ziliipenda sana. Shida yake ni moja. Gari la miaka hamsini limepita mikono mingi, na injini ni kitu cha kwanza kubadilishwa. Kwa hiyo kazi haianzi na spana. Inaanza na brashi ya waya na tochi.

Neno moja kabla ya kusonga. Nikisema upande wa dereva, ni kushoto. Nikisema upande wa abiria, ni kulia, ukiwa umekaa kitini unatazama mbele. Aliyezoea usukani wa kulia wa nyumbani ajikumbushe kila mara, maana ukigeuza pande, waya zote za plagi utazipanga kinyume.

Usiamini nembo wala kibandiko

Nembo ya ubavuni, kibandiko cha kwenye kopo la filta ya hewa, rangi ya bloku, maneno ya aliyekuuzia: vyote ni mashahidi dhaifu. Kopo la filta huhamishwa kwa dakika mbili. Rangi ni kopo la kupuliza. Tena kuna mwaka ambao hata kiwanda chenyewe kilimchanganya mteja. Mwaka 1977 General Motors walitia injini za Chevrolet 350 ndani ya Oldsmobile Delta 88 nyingi bila kumweleza mnunuzi, na Oldsmobile ilikuwa imejijengea jina kwa injini yake yenyewe. Wenye magari walipogundua kwamba vipuri vya Oldsmobile haviingii, kesi zikafika mahakamani. Baada ya hapo matangazo ya kampuni yakaanza kueleza kwamba injini zinatoka kwenye viwanda vya matawi mbalimbali. Ukikutana na Delta 88 ya mwaka huo, hata iwe haijaguswa tangu itoke dukani, chunguza.

Lita nazo hudanganya. "5.0" inaweza kuwa Chevrolet 305, Oldsmobile 307 au Ford 302. "6.6" inaweza kuwa Pontiac 400, Oldsmobile 403, Chevrolet 400 au Ford 400. Hakuna hata mbili kati ya hizo zinazoazimana gasketi ya hedi. Na ipo pia Chevrolet 307 ya 1968 hadi 1973, ambayo na 307 ya Oldsmobile ya miaka ya 1980 haina undugu isipokuwa namba.

Namba ya chesisi inasema gari lilizaliwa na nini

Kuanzia 1968 namba ya chesisi iko juu ya dashibodi upande wa dereva, unaisoma kupitia kioo cha mbele. Kwa magari ya General Motors ya 1972 hadi 1980, namba ina tarakimu na herufi 13, na ya tano ndiyo injini. Mfano wa Delta 88 ya 1977: ukikuta R, lilitoka kiwandani na 350 ya Oldsmobile, ukikuta L, ni 350 ya Chevrolet. Kabla ya 1972 namba hiyo haikwambii ni V8 ipi. Kuanzia 1981 namba ikawa na nafasi 17, na injini ikahamia nafasi ya nane. Kwenye Caprice na ndugu zake, H ni Chevrolet 305 ya kabureta, Y ni Oldsmobile 307, E ni 305 ya sindano mbili za petroli juu ya inteki (manifoldi ya kuingizia hewa), 7 ni 350 ya namna hiyo ya 1991 hadi 1993, na P ni LT1, 350 ya kizazi kipya, ya 1994 hadi 1996. Ukikuta N ujue lilizaliwa na dizeli ya Oldsmobile, ile iliyosifika kwa kukata bolti za hedi. Nyingi zilitolewa zikawekwa injini za petroli, kwa hiyo N karibu kila mara inamaanisha injini uliyonayo si ya asili.

Ford wa kabla ya 1981 nao waliweka injini nafasi ya tano: F ni 302, S ni 400, A ni 460. Lakini H ni 351 tu, haikwambii 351 ipi, na zipo tatu. Nitazifikia.

Yote haya ni cheti cha kuzaliwa. Injini iliyopo sasa lazima uisome yenyewe.

Distributa iko wapi?

Fungua boneti, toa filta ya hewa, simama mbele ya gari. Swali la kwanza ni moja: distributa iko mbele au nyuma?

Ikiwa nyuma, karibu na ukuta wa dashibodi, una Chevrolet, Oldsmobile, Pontiac, au Chrysler za familia ndogo: 318, 340, 360. Ikiwa mbele, una Buick 350 au 455, Cadillac 472, 500 au 425, Ford 302, 351, 390, 400, 429 au 460, ama Chrysler kubwa kama 383 na 440, ambazo distributa yake imelala kwa pembe upande wa abiria. Kwa swali hilo peke yake umeshaondoa nusu ya mashaka.

Sasa hesabu bolti za kava la tapeti. Chevrolet ndogo ina nne kila kava, na kuanzia 1987 bolti zikahamia katikati ya kava. Chevrolet kubwa, yaani 396, 427, 454, ina saba na kava lake ni pana. Oldsmobile ina kumi, na zaidi ya hapo ina bomba la kujazia oili lililosimama mbele ya injini. Ukiliona bomba hilo huna haja ya kuhesabu. Pontiac inajulikana kwa inteki yake: haifuniki bonde la katikati, chini yake kuna bamba la chuma peke yake, na maji hupita kwenye kava la mbele la cheni. Injini za Pontiac za 326 hadi 455 kwa nje zinafanana ukubwa, kwa hiyo usijaribu kukadiria kwa macho.

Jambo la kukumbuka kwenye taimingi, yaani wakati wa plagi kuwaka: Chevrolet, Oldsmobile na Pontiac zote huwaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, namba witiri upande wa dereva na shufwa upande wa abiria. Lakini rota ya Chevrolet, kile kinachozunguka ndani ya distributa, huzunguka kama saa, na za Oldsmobile na Pontiac huzunguka kinyume cha saa. Nimeletewa Bonneville iliyokuwa inapiga risasi kwenye kabureta, imebadilishwa kila kitu hadi pampu ya petroli, na ugonjwa ulikuwa huo tu. Waya zimepangwa kwa mpangilio sahihi, kwa mzunguko wa Chevrolet.

Kusoma chuma chenyewe

Kwenye bloku kuna namba za aina mbili. Zilizoinuka ni za kusubu, zilitoka pamoja na chuma kwenye kalibu. Zilizozama ziligongwa kwa nyundo baadaye, injini ilipounganishwa. Ya kusubu inakwambia bloku ni ya familia gani. Iliyogongwa inakwambia injini iliundwa iwe nini.

Nichukue Chevrolet ndogo, maana ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Namba ya kusubu iko nyuma kabisa ya bloku, upande wa dereva, kwenye mdomo unaopokea gia boksi, nyuma ya hedi. Utahitaji kioo kidogo, tochi, brashi ya waya na subira, kwa sababu hapo ndipo grisi yote ya dunia hujikusanya. Paka chokaa namba zikishasafika, zitasimama. Ukisoma 3970010 una bloku ya 350 ambayo ilitumika miaka mingi sana, ingawa mwaka 1969 ilitumika pia kwa 302 na 327, kwa hiyo yenyewe pekee haimalizi kesi. Ukisoma 3951511 ni 400.

Upande wa pili wa mdomo ule, upande wa abiria, kwa kawaida kuna tarehe: herufi moja ya mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Desemba, kisha siku, kisha tarakimu moja ya mwisho ya mwaka. C 14 9 ni tarehe 14 Machi ya 1969. Au ya 1979. Muongo utauamua mwenyewe kwa ushahidi mwingine, na watu wengi wanaouza magari kwa bei ya "injini ya asili" hutegemea usilijue hilo.

Namba iliyogongwa iko mbele, upande wa abiria, kwenye kijukwaa laini kinachotokeza mbele ya hedi, mara nyingi kimefichwa na mkono wa alteneta. Huanza na herufi ya kiwanda, kisha mwezi na siku, kisha herufi mbili au tatu za aina ya injini. Kama uso wa bloku umewahi kusagwa kwenye mashine, namba hiyo imekwenda na vumbi. Kijukwaa kitupu si dalili ya wizi. Kwa kawaida ni dalili kwamba injini imewahi kupigwa ovahoo.

Kutofautisha 305 na 350 bila kufungua hedi ni kazi ya namba, si ya macho, maana kwa nje ni mapacha na hata mwendo wa pistoni ni mmoja, inchi 3.48. Tofauti ni upana wa silinda: 350 ni inchi 4 kamili, 305 ni inchi 3.736. Hedi ikishatoka, rula ya kawaida inatosha. Lakini 400 inajitoa yenyewe: balansa ya mbele ya kranki ina uzito uliobaki upande mmoja, kwa sababu injini hiyo imesawazishwa kwa nje. Usiivalishe balansa ya 350, itatetemeka hadi meno yakuume. Na ukiitia hedi za 350, lazima zitobolewe matundu madogo ya mvuke kama gasketi ya 400 inavyoonyesha. Silinda za 400 zimeshikana, hakuna maji kati yake, na bila matundu hayo mvuke hubaki juu, injini ichemke.

Ford na zile 351 tatu

Mimi nakaa saa mbili hivi kusini ya Cleveland, mji uliozaa jina la moja ya injini hizi, na bado wazee wa hapa hubishana. Ford walitengeneza 351 ya Windsor, iliyoitwa hivyo kwa kiwanda cha Windsor, Ontario, kuanzia 1969. 351 ya Cleveland, 1970 hadi 1974. Na 351M, 1975 hadi 1982, ambayo ni 400 iliyopunguzwa mwendo wa pistoni. Angalia hosi ya juu ya rejeta inapotokea. Kwenye Windsor inatoka kwenye inteki ikielekea mbele. Kwenye Cleveland, 351M na 400 inatoka kwenye bloku yenyewe ikielekea juu. Kisha hesabu bolti za kava: Windsor sita, wale wengine nane. Kava ya bolti saba ni 429 au 460. Kava ya bolti tano, na inteki pana iliyoingia hadi chini ya kava, ni ile familia ya zamani ya 352, 390 na 428. Hapo kuna mtego mzuri: bloku nyingi za familia hiyo zimesubiwa "352" mbele kabisa hata kama ndani ni 390. Usinunue pistoni kwa kusoma namba hiyo.

Kati ya 302 na 351 ya Windsor, bolti za hedi zinaamua: 302 ni za 7/16 ya inchi, 351 ni za nusu inchi. Mstari wa chini wa bolti hizo unaonekana nje, karibu na plagi. Silinda za Ford hazihesabiwi kama za Chevrolet: 1 hadi 4 ziko upande wa abiria, kuanzia mbele kwenda nyuma, na 5 hadi 8 upande wa dereva. Mpangilio wa kuwaka wa 302 ya gari kubwa ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Wa 351 ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Kama 302 yako imewahi kubadilishwa kamshafti ya michezo, huenda inawaka kwa mpangilio wa 351. Ikimisi silinda nne na kila kitu kingine ni kizima, jaribu mpangilio wa pili kabla ya kununua kabureta.

Kitu kingine cha 302: za zamani zilisawazishwa kwa wakia 28, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakahamia wakia 50. Balansa na flaiwili lazima zifuate kranki, si mwaka wa gari.

Chrysler wana ukorofi mmoja tu ninaotaka uujue, na nitauleta kwenye moto wa plagi.

Pima kabla ya kufungua

Injini imeshajulikana. Sasa usiifungue bado. Geji ya vakyumu bei yake ni ndogo na inajua mengi. Ichomeke kwenye inteki, injini ikiwa ya moto, ikizunguka taratibu. Injini nzima ya kawaida husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki na mshale hutulia. Ukianguka na kurudi kwa mapigo sawasawa, tafuta valvu iliyoungua. Ukitulia lakini chini, taimingi imechelewa au hewa inaingia mahali. Pulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye kingo za inteki. Injini ikibadili sauti umepata tundu. Usifanye hivyo karibu na manifoldi ya ekzosi iliyoiva.

Kompresheni: toa plagi zote nane, zima moto wa koili, fungua mdomo wa kabureta kabisa, piga stata hadi mshale usimame. Sijali sana namba yenyewe, najali tofauti. Silinda dhaifu isipungue robo tatu ya silinda yenye nguvu. Ikipungua, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yake.

Kipimo kinachosahaulika ni cha cheni ya taimingi, na kwa magari haya ndicho ningekifanya kwanza. Viwanda vingi vya Marekani, kuanzia miaka ya 1960, vilitumia gia ya kamshafti ya aluminiamu yenye meno ya nailoni ili ipunguze kelele. Nailoni ikizeeka hukauka, huvunjika, na vipande huangukia kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakufa kwa kukosa oili, na mwenyewe analaumu pampu. Fungua kifuniko cha distributa. Tia spana kwenye bolti ya kranki, zungusha kama saa hadi rota ianze kusogea, kisha rudisha nyuma taratibu huku mwenzako akitazama rota. Kranki ikirudi zaidi ya nyuzi nane au kumi kabla rota haijashtuka, cheni imekwisha. Ukifungua kava la mbele ukakuta meno hayapo, usifunge cheni mpya ukaondoka. Shusha sampu ukasafishe chujio. Ndiko meno yaliko. Na gia utakayoweka iwe ya chuma.

Mwenye Buick 350 au 455 aangalie pia pampu ya oili, ambayo iko ndani ya kava la mbele la aluminiamu, na kava hilo hulika. Ukiifungua, ijaze mafuta mazito ya Vaseline kwenye gia zake kabla ya kuirudisha, la sivyo huenda isivute oili na beringi zitalia zikiwa kavu.

Moto wa plagi

Gari la kabla ya 1975 aghalabu lina platini, vile vibati vya ndani ya distributa vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili. Kwa V8 za General Motors, pengo la platini mpya ni kama inchi 0.019, na kifuniko kina kidirisha ambacho unarekebishia kwa ufunguo wa Allen injini ikizunguka, hadi kipimo cha muda ambao platini imefunga (dwell) kisome nyuzi 30. Kuanzia 1975 walikuja na HEI, distributa ya kielektroniki isiyo na platini, ile yenye kifuniko kikubwa na koili juu yake. Ni kitu kizuri, na watu wengi huihamishia kwenye injini za zamani. Kosa lao ni kuiunganisha kwenye waya wa platini, ambao una ukinzani ndani yake. HEI inataka volti 12 kamili. Ikipewa pungufu inawaka, inatembea, na kwa mwendo mkubwa inamisi. Moduli yake mpya ipakwe grisi ya kupitisha joto chini yake, si grisi ya beringi.

Huo ukorofi wa Chrysler niliouahidi: injini inawaka vizuri wakati unapiga stata, ukiachia ufunguo inazima papo hapo. Kila mara. Hicho ni kipande cha udongo mweupe kilichofungwa kwenye ukuta wa dashibodi, kizuia-umeme cha mzunguko wa koili. Wakati wa stata umeme hukipita pembeni. Ukiachia ufunguo unategemea kipitie, nacho kimekatika. Ni kipuri cha bei ya chakula cha mchana. Wenye New Yorker wazoefu huweka cha akiba kwenye gari.

Ford za miaka ya 1980 zenye moduli ubavuni mwa distributa huugua kwa joto: zinakwenda, zinazima, zinakaa nusu saa, zinawaka tena. Kabla ya kulaumu pampu ya petroli, angalia kama zina moto zikiwa zimezima.

Ukiweka taimingi kwa taa, chomoa hosi ya vakyumu ya distributa na uizibe, kisha fuata nyuzi zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti, ikiwa umehakikisha injini ni ile ya kibandiko. Na hapo pia kuna uwongo. Balansa ya mbele imeundwa kwa vyuma viwili vilivyogundishwa kwa mpira. Mpira ukichoka, pete ya nje huteleza na alama huondoka nayo. Kama injini inaenda vizuri kwa masikio lakini taa inasema imepotea nyuzi ishirini, hakikisha kwanza pistoni ya kwanza iko juu kweli wakati alama iko sifuri.

Inteki inayovuja, kazi ya Jumamosi moja

Kwa Chevrolet ndogo, kazi utakayoifanya mara nyingi ni gasketi ya inteki. Mwaga maji ya rejeta kwanza, na mwaga pia yale ya ubavuni mwa bloku, la sivyo yataingia kwenye bonde la tapeti ukiinua. Weka pistoni ya kwanza juu, tia alama rota inapoelekea na mwili wa distributa ulivyokaa, kisha itoe. Inteki ya chuma ni nzito. Mwite mtu, mgongo ni wako. Kwangua uso vizuri huku umeziba bonde na matundu kwa matambara safi.

Kwenye boksi la gasketi utakuta vipande viwili vya kizibo au mpira vya ncha za mbele na nyuma. Mimi huvitupa. Vinateleza nje unapobana. Weka badala yake mstari wa silikoni mnene kama kidole kidogo, ukipanda kidogo kwenye pembe nne, uache ushike ngozi kabla ya kushusha inteki. Ishushe wima, usiiburute. Bolti zibanwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi futi-ratili 30, kama nyutoni-mita 41. Ukiwa umefika hadi hedi, bolti zake ni 65, kama nyutoni-mita 88, na nyuzi zake zipakwe dawa ya kuzuia maji kwa sababu zinaingia kwenye njia ya maji. Anayezibana kavu atakuta maji yanapanda kwenye bolti na kulowesha oili. Ukimaliza, badilisha oili hata kama ni mpya, maana maji kidogo lazima yameingia.

Kwa wenye Caprice ya 1994 hadi 1996: wota pampu ikianza kudondosha, usingoje. Distributa ya LT1 iko chini yake, mbele ya injini, na maji huiua. Wenye Ford za lita 4.6 za 1996 hadi 2001 waangalie ncha ya mbele ya inteki ya plastiki, pale maji yanapopita nyuma ya alteneta. Hupasuka. Mbadala wenye kipande cha aluminiamu hapo ndio wa kununua.

Kamshafti mpya na oili

Hizi V8 za zamani, tofauti na zile za mwishoni mwa miaka ya 1980, zina tapeti bapa zinazosuguana na kamshafti moja kwa moja. Oili za siku hizi zimepunguzwa zinki na fosforasi ili kulinda kichujio cha moshi, na kamshafti mpya ikiwashwa kwa oili hizo inaweza kulika ndani ya saa moja. Tafuta oili iliyoandikwa kwamba ni ya injini za zamani au ya kuzoesha kamshafti. Paka kamshafti na chini ya kila tapeti ile grisi nyeusi inayokuja nayo. Ikiwaka, usiiache ikazunguka taratibu: ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, ukipandisha na kushusha, kwa dakika ishirini. Hakikisha mapema kabureta ina petroli na taimingi iko karibu, ili usipige stata muda mrefu.

Kisha mwaga oili hiyo, toa filta, ikate kwa msumeno wa bati uikunjue karatasi yake juani. Vumbi laini la kijivu ni kawaida ya injini mpya. Vichembe vinavyong'aa na kushika sumaku ni kamshafti au tapeti inayolika, fungua kava la tapeti ukaangalie roka ipi haiinuki kama wenzake. Vichembe visivyoshika sumaku, vyeupe laini au vya rangi ya shaba, ni beringi, na hapo sampu inashuka.